Dozi Isiyoisha

"Dozi inaisha lini, daktari?"

Alikuwa ameshaandika jina la dawa. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Nami nilikuwa nimefungua ukurasa wa nyuma wa daftari langu la maandalio ya masomo, kalamu mkononi, nikisubiri tarehe ya mwisho niiandike. Aliinua uso akanitazama. Kijana tu, makamo ya mdogo wangu wa mwisho. "Mama," akasema, "hii ya kisukari haina kuisha."

Aliyekulia Tanga atanielewa kwa nini niliuliza vile. Sisi tumelelewa na malaria. Unaumwa, unapimwa, unaambiwa una wadudu, unapewa mseto: vidonge vinne vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Unakazaniwa umalize dozi hata ukijisikia nafuu, na kumaliza dozi kwetu ni jambo la heshima, kama kumaliza deni dukani. Siku ya nne unafua shuka, unafungua madirisha, unarudi kazini. Hata kifua kikuu, ambacho kilikuwa kikitutisha tangu utotoni, kina miezi yake sita na siku yake ya mwisho. Maisha yangu yote nilijua ugonjwa kuwa kitu kinachoingia kwa mlango huu na kutokea kwa mlango ule. Nilikuwa na miaka 46, na hapakuwa na mtu aliyeniambia kuna maradhi yanayoingia, yakavua viatu, yakakaa.

Yalikuwa yamekaa muda mrefu kabla sijayajua. Nafundisha shule ya msingi, na mwaka ule wa 2022 nilikuwa nikimaliza dumu la lita tatu la maji kabla ya mapumziko ya saa nne. Usiku naamka mara nne kwenda msalani. Maandishi yangu mwenyewe ubaoni yalikuwa yakiniyeyukia machoni nikikaa nyuma ya darasa. Nikapungua, nguo zikaanza kunipwaya, na wenzangu ofisini wakanisifu: umependeza mwalimu, tuambie unafanyaje. Nikafurahi. Na kulikuwa na muwasho sehemu za siri uliokuwa ukirudi kila baada ya wiki chache. Nitauandika hapa wazi kwa sababu najua kuna dada anasoma naye anao na anaona haya kuusema. Nilikwenda zahanati moja mara tatu, mara zote tatu nikaambiwa ni fangasi, mara moja wakaongeza na UTI, nikapewa dawa, nikamaliza dozi. Hakuna aliyenichoma kidole. Hilo bado linaniuma. Mwanamke mtu mzima, fangasi wanarudi mara tatu, ana kiu, anapungua: tone moja la damu lingetosha.

Tone hilo lilitoka katikati ya Novemba, chini ya hema. Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, nami nilikuwa nikipita tu natoka kazini nikaona watu wamepanga foleni wanapimwa bure. Nesi aliyekuwa mezani alisimama aliponiona. "Shikamoo mwalimu." Nilimfundisha hesabu darasa la nne; nilimkumbuka kwa namna alivyokuwa akiandika saba zake zenye mkia. Akanichoma kidole, mashine ikahesabu, ikaandika 17.4. Akanyamaza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umekula nini leo?" Chai na maandazi matatu, tangu saa nne. Ilikuwa saa tisa na nusu. "Kesho asubuhi uje hospitali, usile kitu." Kesho yake, bila kula, ikasoma 13.2. Mtu asiye na ugonjwa huu huamka akiwa chini ya 6.1, na kuanzia 7.0 kwenda juu ndipo kisukari kinapoanza kuitwa kisukari.

Yule nesi ndiye aliyenieleza kinachotokea mwilini, na sijapata maelezo mazuri kuliko yake. Alisema: sukari ya chakula inatembea kwenye damu ikitafuta nyumba za kuingia, ndizo seli. Haiwezi kuingia yenyewe. Insulini, inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayoipigia hodi. Kwenye kisukari aina ya pili, hodi inapigwa lakini wenyeji wamekuwa wazito wa kusikia. Basi kongosho linaongeza wapiga hodi, kumi, ishirini, hamsini, miaka inapita, mpaka linachoka. Sukari inabaki barabarani. Na sukari iliyobaki barabarani inaharibu barabara: mishipa midogo ya macho, ya figo, ya miguu. "Ndiyo maana hakukuuma," akasema. "Barabara haipigi kelele."

Hapo ndipo ugumu wote ulipo, nami imenichukua miaka kulielewa. Tunautambua ugonjwa kwa maumivu yake, na uponyaji kwa kuondoka kwa maumivu hayo. Huu hauumi. Huwezi kujua kama leo umeshinda au umeshindwa kwa kujisikia tu.

Metformini, ile dawa ya asubuhi na jioni, ilinisumbua tumbo. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nikitoka darasani mbio, na mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma, kama nimelamba ufunguo. Nilipoambiwa nianze na nusu dozi na nimeze katikati ya chakula badala ya kuimeza na maji matupu, tumbo likatulia, lakini nilikuwa nimeshaichukia. Ndipo nikakutana na muuza dawa.

Alikuwa amekaa pembeni ya Soko la Mgandini na chupa zake, mzee mwenye sauti nzuri, mwenye subira. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Aliniuliza nimeanza lini, sukari yangu inasoma ngapi, akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuona mengi. Kisha akasema maneno ambayo sikuwa nimeyasikia hospitalini: "Chupa tatu. Siku ishirini na moja. Unamaliza, unaachana nao."

Sikununua dawa siku ile. Nilichonunua, kwa chupa zile tatu, ni ile siku ya ishirini na moja. Nilikwenda nyumbani nikaiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Nikaacha vidonge. Nikanywa ile kitu chungu kila asubuhi kwa uaminifu kama wa mtoto wa madrasa, na siku ya ishirini na mbili nilikwenda kupima nikiwa nimevaa gauni zuri. 16.8.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia. Lakini sitaki makala hii iwatukane wenye mitishamba. Metformini yenyewe ilitokana na mmea. Kuna mmea wa Ulaya uitwao *Galega officinalis*, ambao kemikali zake ndizo zilizowaongoza wataalamu hadi kwenye kidonge hiki. Mlonge upo nyuma ya nyumba yangu na majani yake nayala kama mboga. Kosa lilikuwa langu la kutaka dawa yenye mwisho, na kuacha ile inayofanya kazi kwa sababu haikuwa na mwisho. Yeyote atakayekuuzia tarehe ya mwisho, muulize kwanza utapimwa na nani siku hiyo.

Januari daktari akaniongezea dawa ya pili, glibenklamaidi. Hii hailegezi wenyeji wa nyumba. Hii inalipiga mjeledi kongosho litoe insulini zaidi. Ilishusha sukari haraka. Na hapa ile tabia yangu ya malaria ikanigeuka tena, kwa upande mwingine.

Wiki ya kwanza ya Machi tulikuwa na majaribio ya mwezi. Niliamka nimechelewa, nikameza vidonge vyangu vyote nisije nikakosa dozi, nikasema nitakula kitu saa nne. Kwenye malaria, nidhamu ni kumeza. Kwenye dawa ile, kumeza bila kula ni kumwita mtu nyumbani usimfungulie. Saa tatu na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya watoto 60 jasho linanitoka mgongoni, moyo unakwenda mbio, na hasira imenijaa, hasira isiyo na sababu. Nilimkaripia mtoto kwa kuangusha rula. Msichana wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, unatetemeka." Nilitaka kumjibu, maneno yakawa hayaji.

Alikimbia ofisini mwenyewe, bila kutumwa. Mwalimu mwenzangu aliyekuja alikuwa na baba mwenye sukari; alinitazama mara moja tu, hakuuliza kitu, akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha maji akaninywesha kama mtoto. Baada ya robo saa dunia ikarudi mahali pake. Walipokuja kunipima nilikuwa tayari nimeshakunywa ile sukari, na bado ilikuwa 4.1. Chini ya 4 ndiko kunakoitwa kushuka, na nilikotoka sikutaka kukujua.

Tangu siku hiyo mkoba wangu una pakiti ya glukosi, na ofisi nzima inajua iko mfuko gani. Daktari aliniondoa kwenye ile dawa, akaongeza metformini taratibu, akanitaka nijifunze upya kitu kimoja: kidonge na sahani ni watu wawili wanaosafiri pamoja.

Lakini wiki mbili baadaye mwezi ulikuwa unaandama.

Sijawahi kukosa Ramadhani ila kwa siku za kike na za uzazi. Daktari aliposema mwaka huu usifunge, sukari bado haijatulia na majuzi ilikushuka, nilimsikia kama mtu anayenitoa nyumbani. Mama yangu, tunayeishi naye, alisema Mwenyezi Mungu ameshatoa ruhusa kwa mgonjwa, kwa nini wewe umkatalie? Nikakubali kwa mdomo. Ila mchana wa siku ya kwanza nilikula nimefunga dirisha la jikoni, nimesimama, bila kuwasha redio, kijiko nakiweka polepole kisigonge sahani. Mji mzima umefunga, harufu ya mihogo ya nazi ya futari inaanza kupanda kwa majirani, nami natafuna kama mwizi. Mume wangu alinikuta siku ya tatu. Hakusema neno. Alivuta kigoda akakaa pembeni yangu mpaka nilipomaliza.

Nikaenda kwa sheikhe wa mtaa kuuliza nizilipe vipi siku zangu. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Maradhi yako yanatarajiwa kupona?"

Kwa sababu sheria inatofautisha. Mgonjwa anayetarajia kupona hulipa kwa kufunga siku nyingine. Asiyetarajia hutoa fidya, analisha maskini kwa kila siku. Yeye aliniuliza jambo la fikihi tu, kwa upole kabisa. Mimi nilisikia swali langu mwenyewe la Novemba likinirudia: dozi inaisha lini? Nilikaa kimya mpaka akaona huruma. "Hilo si langu wala si lako," akasema. "Kamuulize daktari, mwakani utaweza kufunga?"

Nikamuuliza. Kijana yule akafikiri, akapekua kadi yangu, akasema, "Kupona sikuahidi, mama. Kufunga mwakani, tukienda hivi, utaweza."

Nimeliweka jibu hilo moyoni kuliko yote niliyowahi kupewa hospitalini. Lilinipa njia ya katikati ambayo sikujua ipo. Kumbe mtu anaweza asipone na bado mwakani akaweza. Nilizilipa siku zangu za 2023 mwezi wa saba, kipindi cha baridi, siku zikiwa fupi. Na 2024 nilifunga mwezi mzima, vidonge vimehamia kwenye futari na daku, daku nikiichelewesha karibu na alfajiri, nikipima alasiri kila siku, maana sheikhe alisema tone la kidoleni halifunguzi. Nilikuwa nimeambiwa nikiona chini ya 3.9 nifungue papo hapo, hata ikibaki robo saa. Sikufika huko. Nilifungua kwa maji na tende moja, na kaimati nilizipita.

Sasa nizungumzie chakula, ambacho ndicho watu huniuliza kwanza, na ndicho kilichonigharimu machozi mengi kuliko sindano.

Chai ya ofisini kwetu ilikuwa inakuja imeshatiwa sukari kwenye chupa. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi, na msibani ndivyo, na kwenye vikao vya arusi ndivyo. Huambiwi uchague. Nyumbani nilipunguza kijiko kimoja kila wiki, kutoka vitatu hadi hakuna, nikazidisha tangawizi na iliki, na baada ya mwezi ulimi ulizoea. Ofisini nilikaa wiki sita bila chai nikisingizia tumbo. Kusema "nina sukari" kulinishinda. Nilipolisema hatimaye, siku ile ile sukari iliponishuka darasani, mhudumu wetu alianza kuleta chupa mbili, moja isiyo na sukari, akaifunga kitambaa cha kijani mpini wake. Leo chupa ya kitambaa cha kijani ndiyo inayoisha kwanza. Soda sikuona tabu kuiacha, ila nilishtuka kujifunza kuwa chupa ndogo ya mililita 350 hubeba gramu zipatazo 37 za sukari, vijiko tisa. Vijiko tisa kwenye kikombe cha chai ungemwita mtu mwendawazimu.

Wali ndio ulikuwa kazi. Nesi alinichorea sahani: nusu mboga, robo samaki au maharage, robo wali au ugali. Mchoro mzuri. Tatizo ni kwamba kwetu hatuli kwenye sahani. Tunakula sinia moja, mama, mume wangu, watoto watatu, na yeyote aliyepiga hodi wakati huo. Nilipoanza kupakua chakula changu pembeni kwenye sahani yenye mistari ya kalamu ya wino usiofutika, mtoto wa mwisho aliuliza kama nimegombana na baba. Mama yangu hakuuliza kitu. Usiku alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu akasema, "Ni chakula changu kilichokuumiza?"

Sijui niliandaliwa kwa nini maishani, lakini sikuandaliwa kwa swali hilo. Mwanamke huyu alitulea watoto sita kwa vitumbua. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku kusaga mchele, na asubuhi tulikuwa tunakula vilivyovunjika, visivyouzika, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vitamu kuliko vyote. Nilimwambia yale niliyofundishwa: kwamba ugonjwa huu unakwenda kwenye ukoo, na dada yake anao, kwamba ni umri, ni kilo zangu, ni miaka ishirini ya kukaa kusahihisha madaftari. Alitikisa kichwa. Sidhani aliamini hata moja.

Lakini kesho yake jioni alifanya jambo. Sinia lilikuja na mchicha wa nazi nyepesi, bamia na samaki wa kupaka peke yake, bila wali. Tukaulizana. "Kuleni hicho kwanza," akasema. Tukala. Baada ya dakika kumi ndipo wali ukaja, umepungua, na matumbo yetu yalikuwa yameshajaa nusu. Hakusoma popote. Nilipima saa mbili baada ya kula: 8.4. Kwa wali uleule ukiliwa mwanzo nilikuwa nafika 11 na zaidi. Nilipokwenda kliniki nikasimulia, nesi akaniambia utafiti umelionyesha jambo hilo hilo, mboga na samaki zikitangulia, sukari inapanda polepole. Nikamwambia mama kwamba wataalamu wanakubaliana naye. Akasema, "Wamechelewa."

Sahani yangu yenye mistari imerudi kabatini. Tunakula sinia moja. Ugali wetu ni wa dona. Machungwa ya Muheza nakula, moja, nikiyatafuna badala ya kuyakamua, maana glasi moja ya juisi ni machungwa manne yaliyonywewa bila kufikiri. Baada ya chakula cha usiku mimi na mume wangu tunatembea nusu saa kuelekea Raskazone, upepo wa bahari usoni, na kutembea baada ya kula ndiyo dawa pekee ambayo nimeona inashusha namba siku hiyohiyo bila kunidai kitu. Sukari iliyoko barabarani inaingia kwenye misuli inayofanya kazi. Siku ambazo mvua inanyesha tunazunguka uani.

Arusi ni jambo jingine, na sitadai nimeziweza zote. Sinia la arusini ni pilau, na adabu ni kula kilicho mbele yako. Mwaka jana nilikaa na wanawake wanne nisiowajua, nikawa nachokoa nyama na kachumbari upande wangu, wali nauacha. Mama mmoja mtu mzima, mwenye hina mikononi, aliniona. Bila kuniuliza alivuta wali wa upande wangu kwa mkono akauleta kwake, akanisukumia nyama yake na kachumbari yake. Tukaendelea kula. Wakati wa kunawa aliniuliza tu, "Unatumia metformini? Mimi mwaka wa tisa."

Kuna jambo la gharama ambalo sitaki lipite. Vidonge vyenyewe navimudu. Ni vile vijiti vya kupimia: boksi la hamsini ni bei ya kuku wawili wa kienyeji, na nanunua kwa mfuko wangu. Basi nimejifunza kupima kama mwalimu anavyouliza maswali, panapohitajika: asubuhi mara mbili kwa wiki, na saa mbili baada ya chakula ninachokitilia shaka. Kipimo kikubwa ni kile cha kila miezi mitatu, ambacho kwenye karatasi huandikwa HbA1c. Nakielewa kama tofauti ya jaribio la asubuhi na ripoti ya muhula. Chembe nyekundu ya damu huishi karibu siku 120, na siku zote hizo sukari inaigandia, kwa hiyo damu yenyewe inaweka mahudhurio. Mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki akaipendeza mashine ya kidole. Mahudhurio hayafutiki. Yangu yalianza asilimia 10.2. Sasa ni 6.8.

Nimesoma kwamba Uingereza mwaka 2017 walitangaza utafiti ambamo karibu nusu ya watu waliopunguza uzito kwa mlo mkali chini ya uangalizi walikaa bila dawa na sukari ikatulia. Nilimwonyesha daktari. Akasema ni kweli, na ukweli huo una masharti: wote ugonjwa wao ulikuwa haujazidi miaka sita, na hata waliotulia wanaendelea kupimwa, kwa sababu unaweza kurudi. Nimepunguza kilo tisa. Kama siku moja ataniambia tuache vidonge, nitafurahi. Ila sijaiandika tarehe hiyo popote.

Kadi yangu ya kliniki ya kwanza ilijaa mwezi wa tano. Mistari yote: tarehe, uzito, presha, sukari, tarehe ya kurudi. Nesi wangu akatoa mpya akaibana nyuma ya ile ya zamani kwa pini. Saba zake bado zina mkia.

Nimalizie kwa mama mkubwa. Ni dada wa mama, anakaa Makorora. Mwaka 2014 alikanyaga msumari asubuhi, akautambua jioni alipoona damu kwenye kandambili. Alikuwa na sukari miaka mingi, na miguu yake ilikuwa imeshakufa ganzi. Hakwenda hospitali wiki mbili, kwa sababu haukuuma. Mguu ulikatwa chini ya goti. Tulikuwa tukimwonea huruma, tukimletea matunda, na katika miaka yote ile hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza ilianzaje, wala yeye hakusema.

Nilipopata ugonjwa, aliniita. Alinifundisha kutia udhu upya. Alisema: kila unapoosha mguu, usioshe tu, tazama. Pitisha kidole katikati ya vidole vyote, geuza wayo, angalia kisigino kama kimepasuka. Halafu ufute, kavu kabisa, katikati ya vidole hasa, unyevu ukibaki unaleta ukungu na ukungu unafungua njia. Mara tano kwa siku Mungu amekuamrisha kuitazama miguu yako, akasema, mimi nilikuwa naimwagia maji tu.

Kila Ijumaa baada ya shule napita kwake. Anakuwa barazani, miwani tayari puani. Navua viatu nakaa kwenye mkeka, naweka mguu kwenye paja lake. Anaugeuza kwenye mwanga, anabonyeza kidole kimoja kimoja kuanzia kile kidogo, macho yangu nimeyafumba kama anavyotaka.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama mkubwa."

"Na hapa?"